Manamba wa Sare Nyeupe

Mtu wa Buha mwenye umri wangu hahitaji kufafanuliwa neno manamba. Amelisikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Lakini kwa vile vijana wengi hulitumia kama tusi tu bila kujua lilikotoka, naomba radhi kwa wanaojua, nianze nalo.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika, kupitia chama chao, waliunda ofisi ya kuwatafutia vibarua. Ofisi hiyo iliitwa Silabu. Kazi yake ilikuwa kufika katika nchi zilizo mbali na mashamba, ambako njia za kupata fedha ya kodi zilikuwa chache, ikakusanya wanaume na kuwapeleka Tanga, Korogwe na Morogoro. Kasulu na Kibondo zilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Wazee wetu waliteremka kutoka milimani huku hadi Kigoma, wakapanda gari moshi la reli ya kati, na huko walikokwenda kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Ndiyo asili ya neno lenyewe: watu wa namba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa kwa siku moja unawekewa alama, na mshahara huuoni mpaka alama zitimie 30.

Jambo moja naomba msomaji alishike. Silabu yenyewe haikukata jani hata moja la mkonge. Bidhaa yake ilikuwa watu.

Nimelazimika kuyaandika hayo baada ya kusoma mkataba wa mjukuu wangu. Ni muuguzi. Alisoma miaka mitatu katika chuo cha uuguzi cha Kabanga, hapa hapa Kasulu, akapata stashahada, akasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na leseni yake iko hai. Anafanya kazi katika hospitali ya watu binafsi katika mji mkubwa. Mji siutaji wala hospitali siitaji, kwa sababu binti bado anakula hapo. Nilipokuwa nikisoma ule mkataba nilitafuta jina la hospitali mahali pa mwajiri nisilione. Lililokuwapo ni jina la kampuni ambayo haina kitanda cha mgonjwa hata kimoja, haina daktari, wala haijawahi kununua pamba. Kampuni hiyo hukodisha watu. Mkataba ni wa miezi mitatu, na umekuwa ukirudiwa. Kwenye kitambulisho chake pana picha, pana jina la hospitali kwa herufi kubwa, na chini, kwa herufi ndogo, pana neno wakala na namba.

Nilimwuliza, "Sasa mwajiri wako ni nani?"

Akacheka. "Babu, inategemea. Nikichelewa zamu, mwajiri ni hospitali. Nikiumwa, mwajiri ni wakala. Nikidai mshahara uliochelewa, kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake."

Nimefundisha miaka mingi, na nimekuwa mkuu wa shule, kwa hiyo nimezoea kusoma barua za serikali zinazosema mambo mawili kwa mara moja. Lakini sijapata kuona karatasi iliyoandikwa kwa ustadi kiasi kile ili mtu asiwe mtumishi wa yeyote.

Tuanze na fedha, ingawa fedha si ubaya mkubwa kuliko wote. Tuchukue mfano wa darasani. Hospitali inampa wakala shilingi 100 kwa ajili ya muuguzi mmoja. Wakala anabakiza sehemu yake, tuseme 30, na muuguzi anapata 70. Mwezi ujao vile vile, na mwaka ujao vile vile. Sasa, yule wakala alifanya nini mwezi wa pili? Mwezi wa kwanza nakubali alifanya kazi: alipokea barua za maombi, akakagua vyeti, akapanga usaili. Huo ni ujira wake halali. Lakini mwezi wa pili, na wa tatu, na wa kumi na tano? Sisi huku tunajua udalali. Dalali wa ng'ombe mnadani anamkutanisha mwenye ng'ombe na mnunuzi, analipwa, anakwenda zake. Hajapata kutokea dalali wa kuja kila alfajiri na kibuyu kukamua maziwa, eti kwa sababu yeye ndiye aliyewakutanisha. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulikuwa na jina la mtu wa namna hiyo. Siku hizi jina hilo silioni magazetini. Kupe ninaowaona wako kwenye ng'ombe wangu tu.

Na muuguzi hauoni mkataba ule wa pili, ulio kati ya wakala na hospitali. Hajui kama ni 100 au 150. Mtu anauzwa kazi yake na bei anafichwa.

Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye sheria na jinsi inavyokwepwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina mambo mazuri. Inampa mwanamke aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo. Inamkataza mwajiri kumfukuza mtu bila sababu halali na bila kufuata utaratibu. Ila kinga hiyo ya kufukuzwa haimhusu mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri yule yule. Hebu soma tena maneno hayo: kwa mwajiri yule yule. Mjukuu wangu amekaa katika wodi ile ile, akimhudumia daktari yule yule, akifungua kabati lile lile la dawa kwa muda wa mwaka na nusu. Lakini katikati ya mwaka hospitali ilibadili wakala, na wauguzi wote wakasaini karatasi mpya kwa kampuni mpya. Waliambiwa kwamba hesabu ya utumishi wao inaanza upya. Kama mahakama ingekubali hesabu hiyo mimi sijui, mimi si mwanasheria. Ninachojua ni kwamba muuguzi wa miaka 24 mwenye mkataba unaobakiza wiki tano hawezi kwenda kuuliza mahakamani. Na mwenzake mmoja aliyepata mimba hakufukuzwa, la hasha. Mkataba wake uliisha tu, na mwingine haukuletwa. Zile siku 84 ziko kwenye sheria, naye yuko kwao.

Serikali haikulala kabisa, niseme kweli. Sheria ya kukuza huduma za ajira ilikuwapo tangu mwaka 1999, na mwaka 2014 zikatolewa kanuni za mawakala binafsi zilizowataka wabaki kuunganisha watu na waajiri, wasijifanye waajiri wa watu wanaowakodisha kwa wengine. Kanuni hizo niliposimuliwa nilifurahi. Sasa angalia akili ya mfanyabiashara: katika mkataba wa mjukuu wangu neno wakala wa ajira halimo. Kampuni inajiita mtoa huduma. Mbuzi amevishwa ngozi ya kondoo na bwana afya amepiga muhuri.

Upande mmoja tu ndio haubadiliki katika karatasi zote hizi, nao ni upande wa lawama. Kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, muuguzi anasimama mwenyewe mbele ya Baraza. Akikosea kipimo cha dawa, leseni iliyo hatarini ni yake. Wakala hana leseni ya uuguzi ya kunyang'anywa. Kwa hiyo mshahara unapitia kwa mtu wa tatu, likizo inapotelea kwa mtu wa tatu, lakini kosa linakwenda moja kwa moja kwa binti.

Nimesema habari za muuguzi. Sasa nizungumze habari za mgonjwa, maana ndiye mimi. Mtu wa umri wangu hutazama wodi kama mtu atazamavyo nyumba anayofikiria kuhamia.

Wodi si jengo. Ni watu wanaojuana. Zamu ya usiku inapowakabidhi wa asubuhi, nusu ya makabidhiano imeandikwa kwenye faili na nusu haijaandikwa: huyu wa kitanda cha nne anasema hana maumivu lakini mwangalie uso, huyu mama hali mpaka mwanawe afike, ule mtungi wa oksijeni wa pembeni usiuamini. Nusu hiyo ya pili hupatikana kwa kukaa mahali. Mjukuu wangu anasema wauguzi wa wakala huhamishwa kama viti vya harusi. Leo wodi ya watoto, kesho upasuaji, wiki ijayo tawi jingine kabisa. Anayeitwa saa moja usiku kwa simu kwenda kuziba pengo katika wodi asiyoijua, hata kama ni hodari kuliko wote, saa yake ya kwanza inaishia katika kutafuta vitu vilipo.

Nami nina ushahidi wa kazi yangu mwenyewe. Shule haiendeshwi na walimu wa kupita. Mwalimu wa kupita anaweza kumaliza silabasi. Hawezi kujua kwamba mtoto fulani analala darasani kwa sababu anaamka saa tisa kuchota maji. Mwalimu akijua hataondoka kesho, anaanza kupanda miti. Nimeona hivyo kila mahali nilipofanya kazi, na sioni kwa nini wauguzi wawe watu wa aina nyingine. Nani atatumia mwaka kumfundisha muuguzi mgeni, ikiwa mgeni huyo karatasi yake inaisha Septemba? Nani atasimama kumwambia daktari mkubwa kwamba dawa hii imeandikwa vibaya, ikiwa neno moja la daktari huyo kwa wakala linatosha?

Hapo ndipo ninapowasikia wapinzani wangu, na baadhi yao ni rafiki zangu wa kanisani. Wanasema, "Mwalimu, wewe una pensheni yako. Wasichana hawa wangekaa bure nyumbani. Wakala amewapa kazi."

Hoja hii nzito, siwezi kuipuuza. Zamani mhitimu wa uuguzi alipangiwa kituo na Wizara kama sisi walimu tulivyopangiwa. Ulikuwa unangoja barua, si kazi. Hali hiyo imekwisha. Mwaka 2016 ajira mpya serikalini zilisimamishwa ili watumishi wahakikiwe, na wahitimu wa miaka ile walirundikana nyumbani. Ajira zilirudi, lakini nafasi zikitangazwa wanaoomba ni wengi mno kupita nafasi. Nimewaona wauguzi wenye vyeti safi wakiuza vitenge Kasulu mjini.

Lakini tazama upande wa pili wa barabara ile ile. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya mwaka 2023, liliitaja Tanzania miongoni mwa nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Nchi ina uhaba wa wauguzi, na wauguzi wana uhaba wa kazi. Mambo haya mawili hayapaswi kukutana katika akili ya mtu mzima bila kumkera. Zahanati ina muuguzi mmoja anayezalisha, anachanja, anafunga vidonda na kuandika vitabu vyote. Umbali wa saa moja kwa basi yuko muuguzi mwingine nyuma ya meza ya vitenge. Wakala hajaliziba pengo hilo. Amejenga kibanda ndani yake, na anatoza ushuru. Kusema amewapa kazi ni kusahau kwamba wagonjwa walikuwapo kabla yake, na hospitali ilikuwapo, na kitanda kilikuwapo. Kazi ilikuwapo. Yeye amekuta mlango amesimama mlangoni.

Wengine, hasa waliosafiri, huniambia kwamba huo ndio mtindo wa kisasa, hata Uingereza wauguzi wa wakala wapo. Ni kweli wapo. Lakini huko kuna tofauti inayofichwa. Kule muuguzi ni adimu, na mara nyingi huchagua wakala kwa sababu zamu moja ya wakala humlipa zaidi ya zamu ya mwajiriwa. Uhaba wake ni silaha yake mwenyewe. Huku binti anachukua wakala kwa sababu hana pengine pa kwenda. Na hata hao wa kisasa wamekwisha kujuta. England iliweka ukomo wa bei za mawakala mwaka 2015, na pamoja na hayo, katika mwaka wa fedha wa 2022/23 hospitali za umma ziliwalipa mawakala zaidi ya pauni bilioni 3. Quebec, jimbo la Kanada, lilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwaondoa mawakala katika hospitali za umma hatua kwa hatua. Kwa hiyo tunaambiwa tuvae koti ambalo mwenye nalo anahangaika kulivua.

Kuhusu kwenda ng'ambo sitasema mengi, kwa sababu anayetaka kwenda na aende. Wazee wetu nao walikwenda, na wengine walirudi na baiskeli. Nina neno moja tu kwa mzazi. Mwaka 2010 nchi za ulimwengu zilikubaliana, katika Shirika hilo la Afya, juu ya kanuni za kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, na bado mawakala wamewafunga wauguzi kwa kifungu kinachosema ukiacha kazi kabla ya muda, unarudisha gharama za nauli na mafunzo. Huko Uingereza malalamiko yalizidi mpaka mwongozo wa serikali ukarekebishwa mwaka 2022 kuhusu kifungu hicho. Mzazi, tafuta kifungu hicho kabla binti hajatia sahihi. Kwa kawaida kiko ukurasa wa mwisho.

Wala tusijifanye kwamba sisi wa Kigoma tumeyaona haya jana. Tangu wakimbizi wa Burundi walipomiminika mwaka 1993, na Wakongo baada yao, kambi za Mtabila, Nduta, Mtendeli na Nyarugusu zimewapa wauguzi wetu kazi nyingi, kwa mikataba mifupi iliyofuata fedha za wafadhili. Walifanya kazi njema, waliokoa watu. Lakini Mtabila ilifungwa mwaka 2012 na Mtendeli mwaka 2021, na kambi ikifungwa muuguzi naye anafungwa kama hema. Ufupi ule ulikuwa na sababu: hakuna aliyetaka kambi iwe ya milele. Hospitali ya mjini ina sababu gani? Inategemea kwamba watu watapona wote mwakani?

Mwaka ule ule wa 1944 Silabu ilipoundwa, Shirika la Kazi Duniani lilikutana Philadelphia, Marekani, mwezi Mei, na kutangaza kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Mwaka mmoja, mambo mawili. Huko walitangaza, na huku wazee wetu walikuwa wakipandishwa gari moshi kwa hesabu.

Sidai mawakala wafungwe. Nataka walipwe kama madalali wanavyolipwa: mara moja, na anayelipa awe hospitali, si muuguzi. Siku muuguzi anapovaa sare na kuingia wodini, barua yake iwe na jina la hospitali, na miezi yake ihesabiwe kuanzia siku hiyo bila kukatwa. Maofisa wa kazi waje kusoma mikataba wodini kama wakaguzi walivyokuja kwangu kusoma maandalio ya masomo, bila taarifa. Na chama cha wauguzi kimpokee muuguzi wa wakala kama mwanachama kamili, asikae nje ya mkutano kama mgeni.

Kila mwaka wasichana wa kidato cha nne huku Muyama huja kuniuliza kama waombe Kabanga. Nawaambia waombe, tena kwa moyo wote. Kisha nawaambia siku wakimaliza, akitokea mtu na mkataba, wamwombe awaonyeshe na ule mwingine, alioandikiana na hospitali, wasome fedha zake na tarehe zake. Akikataa, wasitie sahihi, wapande basi warudi nyumbani. Nauli nitatuma mimi.